Picha za Ndege za Guangzhou na Safari Yake hadi Kwenye Kalenda

Kabla ya kuchapwa kwenye kalenda za mezani, picha za ndege zilikuwa bidhaa ya mkono mjini Guangzhou, bandari ya kusini mwa China ambayo Wazungu waliiita Canton. Kuanzia 1757 hadi 1842, dola ya Qing iliruhusu meli za Ulaya kufanya biashara katika bandari hiyo tu. Wageni walikaa kando ya mto wakinunua chai, hariri na kauri, na kwenye vichochoro vya jirani wachoraji walifungua maduka.

Picha nyingi za bei nafuu zilichorwa juu ya kiini cha shina la mmea uitwao tongcao. Fundi alikizungusha kiini hicho taratibu dhidi ya kisu kikali, kikachunika kuwa ukanda mwembamba, mweupe. Wazungu walidhani ni karatasi ya mchele. Rangi haikuzama ndani yake bali ilituama juu, ndiyo maana manyoya ya ndege yaliyochorwa humo huonekana kama mahameli. Katika karakana kubwa kazi iligawanywa: mmoja alinakili michoro, wengine wakatia rangi. Wapo waliowadharau mafundi hao kwa kunakili, ingawa bila kunakili picha zisingeshuka bei hadi baharia akaweza kuzinunua.

Si wateja wote waliotaka pambo. John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alifika Guangzhou mwaka 1812, akawaajiri wachoraji wa huko kuchora mimea, samaki na ndege kwa usahihi wa kisayansi. Ndege mmoja wa jamii ya kuku, ambaye mkia wa dume lake huzidi mita moja, huitwa kitaalamu Syrmaticus reevesii kwa heshima yake.

Kuku wenyewe walifuata. Miaka ya 1840 kuku wakubwa wa China, wenye manyoya hadi miguuni, walifikishwa Uingereza na kuzua wazimu wa ufugaji. Vitabu vya picha vikafuata, kikiwemo cha Lewis Wright cha miaka ya 1870 chenye michoro ya J. W. Ludlow. Baadhi ya kuku wa “kizamani” wanaopamba kalenda leo ni wa mtindo huo wa Kiingereza.

Kalenda za picha nazo zilishamiri China mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za sigara na dawa zikizigawa bure kama tangazo. Guan Huinong, mzaliwa wa Nanhai karibu na Guangzhou, alijijengea jina Hong Kong kwa kazi hiyo, ingawa waliotawala kalenda hizo walikuwa wanawake warembo, si kuku. Baada ya Jamhuri ya China kupokea kalenda ya jua mwaka 1912, tarehe za jua na za mwezi ziliendelea kuchapwa pamoja.

Jogoo hana haja ya mtindo ili arudi kwenye kalenda ya Kichina, kwa kuwa ana mwaka wake kila baada ya miaka 12. Wa karibuni ulianza Januari 2017, na unaofuata utaanza Februari 2029.