Hifadhi ya Amani na Wenyewe Wake

Kabla ya kuitwa hifadhi, Amani ilikuwa mashine ya kutafuta mazao. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga huko, katika milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, wakajaza miteremko miche kutoka kila pembe ya dunia. Bustani yao ipo hadi leo. Wapo pia watoro wake: Maesopsis, mti ulioletwa kutoka magharibi zaidi barani Afrika, umeingia msituni na kila pengo unalikalia. Waingereza nao walifanya utafiti wa kilimo hapo hadi 1948, kazi ilipohamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakawa ya watafiti wa malaria.

Wakati huo wote msitu wa Usambara Mashariki, uliodumu mamilioni ya miaka kwa mvua za Bahari ya Hindi, ulikuwa ukimegwa kwa chai na mbao. Miaka ya 1970 Finland ilisaidia uvunaji wa magogo kwa mitambo. Wanasayansi na wenyeji wakalalamika, uvunaji ukasimama katika miaka ya 1980, na Finland hiyohiyo ikagharimia uhifadhi. Afadhali aliyebomoa arudi kujenga.

Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina hekta zipatazo 8,380, zikiwemo zaidi ya 1,000 za misitu ya kampuni ya chai. Kamati za vijiji zikapewa nafasi katika ulinzi, jambo ambalo misitu ya serikali haikulizoea.

Lakini gharama haikugawanywa sawa. Huko Derema, kando ya hifadhi, wakulima walikuwa wakilima iliki chini ya miti mikubwa, wakifyeka vichaka. Eneo lilipotengwa kuwa ushoroba wa kuunganisha misitu, mashamba yao yakaondoka, na fidia ikachukua miaka. Historia ya Amani isiyowataja hawa ni nusu ya historia.

Wapo waliobaki mlimani na kulima kwa namna nyingine. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaopanda miti na kujenga matuta ili udongo usiteremke mtoni. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji ya jiji la Tanga. Mkazi wa Chumbageni, mjini Tanga, anayelipa bili yake ya maji angepaswa kuuliza ni kiasi gani kinachopanda mlimani kuwafikia wakulima hao.