Mzigo wa Msaada Hupimwa Unapotuliwa

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe ambalo siku hizi ni makumbusho. Wageni huonyeshwa kwamba hapo alikaa Daktari David Livingstone mwaka 1872. Leo nawaombeni tulitazame tembe hilo kwa jicho jingine. Tulitazame kama kituo cha misaada, kisha tuulize: misaada ile ilimfaa nani?

Mwaka 1870 serikali ya Uingereza ilitoa pauni 1,000 ili Livingstone, aliyekuwa hajulikani alipo huko bara, apelekewe mahitaji. Kwa wakati ule zilikuwa fedha nyingi. Huko London hesabu ilikwisha pale fedha zilipotoka. Huku kwetu ndipo ilipoanza.

Shehena moja ilikuwa imekwisha tumwa kutoka Zanzibar mapema zaidi, chini ya mtu aliyeitwa Sherif. Ilifika Ujiji kweli. Lakini Livingstone alipoingia Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na amechakaa, alikuta bidhaa zake zimeuzwa. Sherif alijitetea kwamba alipiga ramli akaambiwa mwenye mali amekufa. Shehena nyingine ilianza safari mwezi Novemba 1870. Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliandika kwamba msafara huo ulikaa Bagamoyo, ng'ambo tu ya Zanzibar, takriban siku mia moja bila kuondoka. Ulipofika Unyanyembe, njia ya Ujiji ikafungwa na vita baina ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo. Barua za mwaka 1870 zikalala Kwihara, hata Stanley akazichukua mwenyewe na kumfikishia mwenyewe Ujiji, mwaka mmoja baada ya kutoka Zanzibar.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo hapa ni kwamba daftari lilikuwapo, ila lilikuwa upande mmoja tu. Liliandikwa kilichotolewa, halikuandikwa kilichopokelewa.

Kisha wananchi wa Uingereza nao wakachanga. Mapema mwaka 1872 msafara wa kumwokoa Livingstone, ulioandaliwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia, ukafika Zanzibar na vifaa vyake vyote. Mwezi Mei Stanley akatokea Bagamoyo na habari kwamba Livingstone yu hai na amekwisha pata mahitaji. Viongozi wa msafara wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine, na msafara ukavunjika kabla ya kuanza safari ya bara.

Basi msaada uliofaa ulikuwa upi? Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano akingoja watu. Mwezi Agosti 1872 walifika 57, walioajiriwa na Stanley huko pwani. Hao ndio aliosafiri nao kuelekea kusini. Alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, akina Susi na Chuma na wenzao walikausha maiti yake, wakaifunga, wakaibeba. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa na chama kilekile kumsaidia mtu aliyekwisha kufa. Cameron alishauri maiti izikwe hapohapo. Wapagazi wakakataa. Februari 1874 waliifikisha Bagamoyo.

Huko pwani walilipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Baadaye chama kilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili yao, lakini wengi walikuwa wamekwisha tawanyika. Waliotoa fedha walijulikana kwa majina. Waliotoa miguu, mabega na miezi ya maisha yao walikumbukwa wakiwa wamechelewa, mfano wa ile barua ya Kwihara.

Pengine msikilizaji atasema hayo ni ya zamani. Lakini Tabora ilikuwa njia panda: njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini hadi Karagwe. Jirani na Karagwe iko Ngara, na huko mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Katika janga lile la Rwanda na majirani zake yalijitokeza mashirika ya misaada zaidi ya 200. Mwaka 1996 mataifa na mashirika ya wafadhili yalitoa tathmini ya pamoja. Ilisema wazi kwamba mashirika mengine yalifanya kazi nzuri, na mengine yalifanya kazi ovyo na kupoteza mali. Kutokana na somo hilo, mwaka 1997 ulianza mradi wa Sphere wa kuweka viwango vya chini vya misaada. Mathalani, kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Kipimo hicho kiko kwenye ndoo ya mkimbizi. Hakiko kwenye hundi ya mfadhili.

Sisi wa mijini hatupungukiwi na michango: ya mafuriko, ya yatima, ya wagonjwa. Kutoa ni moyo, na moyo huo usikatishwe tamaa. Lakini anayepita na karatasi ya michango aulizwe mambo matatu. Cha mwisho kilifika kwa nani? Kilifika lini? Na aliyekipokea anasemaje? Tena tuulize la nne: vijana wanaojitolea kubeba na kugawa wanatumwa kazi yenye maana, au wanangojeshwa siku mia kama ule msafara wa Bagamoyo? Muda wa mtu nao ni mchango, na ukipotea haurudishwi.

Mpagazi wa Kinyamwezi hakusifiwa kwa uzito wa mzigo aliojitwisha asubuhi. Alisifiwa alipoutua salama jioni. Na michango yetu tuipime hivyo.