Usile usinywe, sukari hupanda vilevile: kisukari siku za homa

Msimu wa mvua uliopita nilishikwa na homa ya dengue, ile inayovunja viungo mpaka ukaona kitanda kina miiba. Siku ya kwanza nilikunywa chai ya tangawizi tu. Siku ya pili hata hiyo niliitapika. Nina kisukari cha aina ya pili, mwaka wa kumi na moja sasa, na nikapiga hesabu yangu: sili kitu, basi sukari itatoka wapi? Nikaacha tembe, nikaacha na sindano ya usiku, na mashine ya kupimia ikabaki kabatini. Siku ya tatu mke wangu akaona nakwenda msalani kila mara na maneno yananitoka ovyo. Akanipima: 27.4. Nililala hospitali siku nne.

Tangu nitoke, wengi mtaani wameniuliza imekuwaje mtu asiyekula sukari imruke hivyo. Naandika nikiwa mgonjwa, si daktari. Haya ndiyo niliyofunzwa kitandani na kliniki, na dozi zako ni za kuzungumza na daktari wako.

Sukari ya damu haitoki kwenye chakula pekee. Ini lina akiba yake. Mwili ukipigana na maradhi hutoa homoni kama kotisoli na adrenalini, nazo huliamuru ini limwage sukari na papo hapo hupunguza nguvu ya insulini. Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini na mambo yakaisha. Letu haliwezi. Sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, na mkojo huondoka na maji. Ukiwa unatapika au unaharisha juu ya hayo, unakauka haraka, na kadiri unavyokauka ndivyo sukari inavyopanda. Kwetu wa aina ya pili, inaweza kupita 30 na mtu akachanganyikiwa au akazimia. Hujengeka polepole, siku kadhaa, ndiyo maana hufichika. Watu husema mzee amelala kwa uchovu wa homa.

Kwa hiyo kupima ndiyo kazi ya kwanza. Ukiumwa, pima kila saa nne hivi, usiku pia. Osha mikono kwanza na uikaushe. Kidole kilichoshika tende kitakupa nambari ya uongo. Andika kwenye karatasi saa, nambari, ulichokunywa na dawa uliyomeza. Najua vijiti vya kupimia ni ghali. Mimi siku hizi nina kumi nilivyoviweka kando, haviguswi ila nikiumwa.

Dawa ndipo nilipokosea zaidi, kwa sababu nilizitia zote kapu moja. Nazitaja kama zilivyoandikwa kwenye pakiti. Insulini ya muda mrefu, ile ya mara moja kwa siku, haiachwi kwa sababu hujala. Mara nyingi ukiwa na homa mwili huihitaji zaidi. Insulini ya kuchomwa pamoja na chakula, au ile ya mchanganyiko, hutegemea unakula kiasi gani, hivyo piga simu kabla ya kuchoma. Metformin ni kinyume: ukitapika, ukiharisha au ukikauka maji, kwa kawaida husimamishwa kwa muda, maana figo zikichoka hujazana mwilini na asidi ikapanda kwenye damu. Dapagliflozin na empagliflozin nazo husimamishwa, kwani zinaweza kuleta asidi ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana, na hapo mashine inaweza kukudanganya kwamba uko salama. Glibenclamide, gliclazide na glimepiride huteremsha sukari ule usile, kwa hiyo mzee asiyekula akizimeza anaweza kuanguka usiku. Kama unatumia dawa za presha kama enalapril, losartan au zile za kukojoza, uliza pia, maana ukiwa umekauka huzibana figo. Zikisimamishwa, uliza zirudi lini. Kwa kawaida ni baada ya kula na kunywa vizuri siku moja au mbili.

Na maumivu? Paracetamol. Ibuprofen na diclofenac, ambazo madukani huuzwa kama njugu, huumiza figo zilizokauka, na kwenye dengue huongeza hatari ya kuvuja damu. Pwani yetu hii ya mbu, ukipata homa usizimeze kabla hujapimwa.

Kuhusu kinywaji, kunywa nusu glasi hadi glasi nzima kila saa; ukitapika, kunywa kijiko kijiko. Mwenye maradhi ya moyo au figo aulize kiwango chake kwanza. Sukari ikiwa juu, kunywa maji matupu au chai ya rangi isiyo na sukari. Ikiwa iko sawa au inashuka na chakula hakipiti, hapo unahitaji kitu chenye wanga: uji mwepesi, maziwa, supu yenye viazi, dafu. Dafu lina sukari, ingawa chache kuliko soda, na lina potasiamu nyingi, kwa hiyo wagonjwa wa figo wajihadhari nalo. Wengi wetu huogopa maji ya ORS kwa sababu ni matamu. Yana gramu 13.5 za glukosi kwa lita, wakati soda ya kawaida hukaribia gramu 100 au zaidi. Ukiharisha, yanywe. Wanaokuja kumtazama mgonjwa na kopo la unga wa glukosi, washukuruni na mliweke kando. Mimi nililetewa matatu.

Ikishuka chini ya 4, au ukitoka jasho, ukatetemeka na moyo ukaenda mbio, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa sukari imepita 15 vipimo viwili mfululizo, au mashine imeandika HI. Vilevile ikiwa maji hayakai tumboni kwa saa sita, mkojo umekuwa haba, unapumua haraka na kwa nguvu, sukari inashuka tena baada ya kuipandisha, tumbo linauma sana, damu inatoka puani au kwenye fizi, au watu wa nyumbani wanaona huongei sawasawa. Hilo la mwisho mgonjwa halijui mwenyewe. Mimi niliapa kwamba niko sawa.

Mkipata miadi ya kliniki, ulizeni swali hili mkiwa wazima: nikiumwa, dawa ipi niendelee nayo na ipi nisimamishe? Jibu langu liko kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati la vyombo, chini yake nambari ya simu ya kliniki na ya jirani mwenye tuktuk. Mke wangu ndiye aliyeliandika, kwa herufi kubwa, kwa sababu anasema yeye ndiye atakayelisoma.