Tuba Iliyopitia Paje: Kumbukumbu ya Besi ya Matarumbeta Yetu

Kamati ya kitabu hiki cha miaka 100 imeniomba niandike historia ya tuba yetu, chombo kile kikubwa kinachobeba sauti ya besi katika kundi la matarumbeta. Nimekubali kwa furaha na kwa hofu. Nina furaha kwa sababu chombo hicho kimetufikia kwa sadaka za watu wengi. Nina hofu kwa sababu historia yake ina kosa ndani yake, na kosa hilo ni langu.

Matarumbeta ya Kilutheri yana chimbuko lake Ujerumani. Tuba yenyewe ilipewa hataza mjini Berlin tarehe 12 Septemba 1835, kwa majina ya Wilhelm Wieprecht, aliyesimamia bendi za jeshi, na fundi Johann Gottfried Moritz. Miaka michache baadaye, katika kijiji cha Jöllenbeck karibu na Bielefeld, vijana wa kanisa walianza kupiga nyimbo za ibada kwa vyombo vya shaba. Mwana wa nchi hiyo, Mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliieneza huduma hiyo hata akaitwa kwa upendo jenerali wa matarumbeta. Yeye aliwafundisha wapigaji kusoma noti kama zinavyolia, ili kundi liweze kupiga moja kwa moja kutoka kitabu kile kile cha kinanda na kwaya. Urithi huo ulifika kwetu pamoja na wamisionari, na ndio tuliolelewa nao.

Hata hivyo, pwani yetu haikungoja Kanisa ili iyajue matarumbeta. Masultani wa Unguja walikuwa na bendi yao, ambayo wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa. Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu waliunda vikundi vya ngoma ya beni, wakiiga gwaride na vyombo vya askari. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake, beni ilienea mpaka ndani kabisa ya bara. Nayataja haya kwa sababu mzee mmoja wa urithi huo wa pwani ndiye aliyenitoa gizani, kama nitakavyoeleza.

Tulipoanza maandalizi ya jubilei hii, tuba yetu ya zamani ilikuwa imekwisha. Mabomba yalikuwa yametoboka na kuzibwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wakati huo wana na binti kadhaa wa usharika wetu walikuwa wakifanya kazi katika hoteli za Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kijiji ambacho tangu mwaka 1989 kimejulikana kwa kilimo cha mwani, na baadaye kwa utalii. Mmoja wao, kijana aliyekuwa amepiga besi katika kundi letu kabla ya kuvuka bahari, alijitolea kututafutia tuba iliyotumika kwa njia ya intaneti. Wenzake wa Paje walichanga kutoka mishahara yao. Nyumbani akina mama waliuza mbege na ndizi, na mjane mmoja alileta fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bati la nyumba yake.

Kijana alipata tangazo la muuzaji wa Ujerumani. Picha ilionyesha tuba nzuri yenye vali tatu, yaani vile vibonyezo vya vidole. Juu ya picha yaliandikwa maneno mawili tu: Es-Tuba. Kijana alifanya kama ipasavyo: hakununua kwanza, bali alinipelekea picha na maandishi, akaniuliza, “Baba Mchungaji, hii ni sawa na ile ya kwetu?” Mimi nilijifunza Kijerumani kidogo chuoni, kwa ajili ya kusoma vitabu vya teolojia. Nilijua kwamba katika lugha hiyo neno “es” ni kiwakilishi tu, kama mtu asemaye “hicho”. Nikamjibu kwa uhakika wote: “Mwanangu, tuba ni tuba. Nunua.”

Chombo kilishushwa katika bandari ya Malindi, Zanzibar. Wiki ile nilikuwa Unguja, nikiwatembelea Wakristo wa kutoka bara wanaoishi Paje, Bwejuu na Jambiani, basi nikakishuhudia kikifunguliwa. Tuliwauliza wenyeji ni saa ngapi isingekuwa kero kwa jirani wala kugongana na adhana, wakatuelekeza ufukweni asubuhi, maji yakiwa yametoka. Nilishika kinanda kidogo cha betri, kijana akapuliza besi ya wimbo tunaoujua sote. Masikio yetu yaliumia. Kila noti ya tuba ilikuwa juu ya mahali pake, kama mwimbaji anayeimba fa kila palipoandikwa do. Tulirekebisha bomba la sauti mpaka mwisho wake, na hakuna kilichobadilika. Nilisema kwa sauti kwamba tumeuziwa chombo kibovu.

Mzee wa kijiji aliyepata kupuliza katika beni za harusi ujanani mwake alikuwa amesimama akitusikiliza. Alimwomba kijana apulize bila kubonyeza vali yoyote, kisha akaniomba nitafute sauti ile kwenye kinanda. Ilikuwa E-flati, si B-flati tuliyoitegemea. Akasema kwa upole, “Padri, chombo hichi hakina ubovu. Nyinyi ndio mliokipa jina silo lake.”

Ndipo nilipoelewa. Wanamuziki wa Ujerumani huiita E-flati kwa jina “Es”, na B-flati huiita “B” peke yake. Muuzaji alikuwa ameandika ukweli mtupu. Tuba ya B-flati, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo, ina bomba la urefu wa karibu mita 5.5 likinyooshwa, ile ya E-flati lina karibu mita 4. Zote mbili huonekana sawa pichani, lakini vidole vilivyozoea moja vikiipiga nyingine hutoa noti zilizo juu kwa nafasi ya nne. Na kwa kuwa sisi husoma noti kama zinavyolia, mpigaji hana budi kujifunza vidole upya.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito kuliko chombo. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Ikasemwa kwamba kijana alinunua kitu cha bei nafuu na kula fedha zilizobaki. Nilipoulizwa katika baraza la wazee, nilisema kwamba “palitokea kutoelewana kidogo juu ya maandishi”. Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini yalimwacha kijana chini ya tuhuma na kuniacha mimi na heshima yangu. Krismasi ile hakuja nyumbani. Ilinichukua miezi kadhaa kusimama tena mbele ya wazee na kusema wazi kwamba kijana aliuliza, na mimi ndiye niliyejibu vibaya. Nalirudia hapa kwa maandishi, kwa sababu uvumi hukaa muda mrefu katika kumbukumbu za watu, na kitabu hiki kitasomwa na wasiokuwapo. Fedha zote zilitumika kwa haki. Ninamwomba msamaha yeye na wenzake wa Paje.

Kwa sharika nyingine zitakazotafuta vyombo vilivyotumika, nawaachia niliyojifunza kwa gharama. Kwanza, ulizeni sauti ya chombo bila kubonyeza vali, na mwombeni muuzaji awatumie video akipuliza noti hiyo kando ya kinanda au kipima sauti. Tuba huja katika B-flati, C, E-flati na F, na picha haitawaambia ni ipi. Pili, ombeni picha ya chombo kando ya mtu au rula, kwa maana yufonia, yenye bomba la karibu mita 2.7 tu, huweza kuonekana kubwa ikipigwa picha peke yake. Tatu, jihadharini na vyombo vya zamani vya Uingereza. Bendi za shaba za huko zilitumia sauti ya juu hadi miaka ya 1960, karibu nusu ya nusu-hatua kupita kipimo cha leo cha A ya 440. Kosa la E-flati hutibiwa na mazoezi, lakini chombo cha sauti ya juu kinahitaji fundi wa kurefusha mabomba. Nne, jina lililochorwa kwenye mdomo mpana huweza kuwa la mfanyabiashara, si la fundi aliyekitengeneza. Na mwisho, mkimwuliza mchungaji wenu, mwulizeni pia mpigaji.

Mpigaji wetu wa besi alianza kujifunza vidole vipya wakati wa Kwaresma, na siku ya Pentekoste tuliisikia tuba hii kanisani ikiwa mahali pake. Yule mjane alikuwa ameketi mbele. Bati lake liliwekwa baadaye na vijana wa usharika, wakiongozwa na kijana wa Paje aliyekuja likizo. Katika ibada ya jubilei, mtakapoisikia besi ikiingia katika ubeti wa kwanza, mjue kwamba chombo hicho ni tuba ya E-flati, na kwamba aliyetutafutia alikuwa mwaminifu.