Undugu wa Kufanywa: Kutoka Kibanga hadi Riwaya za Wachawi

Mwaka 2022 mwandishi Sangu Mandanna alichapisha kwa Kiingereza riwaya juu ya Mika Moon, mwanamke mchawi aliyekuwa yatima. Mika anaajiriwa kuwafunza watoto watatu wachawi, na hatimaye anapata jamaa kwa watu asiozaliwa nao. Riwaya za namna hii zina wasomaji wengi siku hizi. Makala haya yanauliza kama kisa hicho kina mwenziwe katika historia ya Fizi.

Neno lenyewe linatukwaza kwanza. Katika Kiswahili mchawi ni mwenye kudhuru. Atibuye huitwa mganga. Kwa hiyo "mchawi mpole" ni maneno yanayopingana. Aidha, jina hilo mara nyingi hutolewa na jamaa wa karibu, nalo humtoa mtu katika ukoo wake. Riwaya humpa mchawi nyumba, tuhuma humnyang'anya.

Hata hivyo, undugu usio wa damu si mgeni katika ufuko huu wa Ziwa Tanganyika, unaotoka Nundu kupitia Baraka hadi rasi ya Ubwari. Mwaka 1880 Mapadre Weupe walifungua misioni ya Mulweba, na mwaka 1883 ile ya Kibanga, huko Ubwari. Humo walilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa makao karibu na misioni. Watu wa makabila mbalimbali, wasio na ukoo, wakawa mashemeji na majirani. Lakini tusiyapambe mambo: mkombozi alikuwa pia mtawala, na mtoto hakuulizwa alitakalo.

Hapo ndipo historia inapoachana na riwaya. Undugu wa kufanywa hausimami kwa wema peke yake. Wahitaji haki pia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kumtuhumu mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo. Lakini sheria humwadhibu mtuhumu. Peke yake haitoshi kumpatia mtoto aliyefukuzwa mahali pa kulala. Kazi hiyo imebaki kwetu. Katika Kiswahili mtu mzima humwita "mwanangu" hata mtoto asiyemzaa. Yafaa tujiulize kama tunalitamka neno hilo kwa adabu tu, au tuko tayari kulilipia.