Mficha maradhi, kilio humuumbua: Kinama na korona ya mwaka 2020



Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati ya Jumuiya imetuomba sisi wenyeji wa Kinama tueleze jinsi ugonjwa wa korona ulivyopita nyumbani kwetu. Wengi wetu wakati huo tulikuwa tumekwisha kuvuka mpaka, na habari tulizipata kwa redio na kwa simu za ndugu. Hatuandiki ili kumshtaki mtu. Wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Tunaandika kwa sababu hapa kambini pia maradhi huingia, na kila yanapoingia mtu hupita nyumba kwa nyumba kutuambia la kufanya. Inafaa tujiulize mapema kwa nini tumwamini mtu huyo, na ni nini kinachoweza kuiharibu imani hiyo.

Kwa wasioijua, Kinama ni mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, jirani na Kamenge. Ni mtaa wa wachuuzi, waashi, mafundi na vibarua. Nyumba zimebanana, na ua mmoja huweza kuwa na familia kadhaa. Vita vya miaka ya 1990 viliwatawanya watu wake, wengine wakafika hadi Uvira. Baadaye wakarudi na kujenga upya. Mtaa wa namna hiyo hauwezi kujitenga na maradhi kwa urahisi. Unahitaji maji, sabuni, na habari ya kweli iliyotolewa mapema.

Mambo haya hayakuanza na korona. Mwezi Machi 2017, malaria ilipozidi, waziri wa afya wa wakati huo, Dkt. Josiane Nijimbere, alitangaza wazi kwamba nchi imeingia katika janga. Miaka miwili baadaye malaria ilirudi kwa nguvu. Hadi mwezi Julai 2019 Umoja wa Mataifa ulihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 5.7 na vifo zaidi ya 1,800, katika nchi yenye watu wapatao milioni 11. Safari hii serikali haikutangaza janga. Ofisa mmoja mwandamizi, bila kutaja jina lake, aliliambia shirika la habari la AFP kwamba uchaguzi ulikuwa umekaribia, na wakubwa hawakutaka kukiri udhaifu wa mipango yao ya afya. Hivyo kalenda ya siasa ilikuwa imekwisha kuingia katika mambo ya hospitali kabla korona haijafika.

Tarehe 31 Machi 2020 wagonjwa wawili wa kwanza wa korona walitangazwa. Ni haki kusema kwamba serikali ilikuwa imechukua hatua kadhaa: ndege za abiria zilisimamishwa na wasafiri waliwekwa karantini. Lakini masoko, makanisa, shule na mabaa yaliendelea kama kawaida, na wananchi waliambiwa kwamba nchi yao ililindwa na Mungu kwa kuwa ilimtanguliza yeye. Sisi pia ni watu wa dini, nasi tulisali. Ila neno la imani lilipowekwa mahali pa neno la daktari, mzee mwenye homa alipata sababu ya kungoja, na jirani yake alipata sababu ya kutonawa.

Kampeni za uchaguzi zilianza mwishoni mwa Aprili. Vyama vyote vikubwa, cha serikali na cha upinzani, vilikusanya watu kwa maelfu, bega kwa bega. Hata hivyo, wachunguzi wa uchaguzi kutoka Jumuiya ya Afrika Mashariki waliarifiwa kwamba wakifika watakaa karantini siku 14, maana yake uchaguzi ungekuwa umekwisha kufanyika. Ugonjwa ukawa mkali kwa mgeni anayekuja kutazama na mpole kwa umati uwanjani. Mtu wa kawaida aliyaona hayo mawili kwa pamoja. Angeamini lipi?

Kisha, kwa barua ya tarehe 12 Mei 2020, wizara ya mambo ya nje iliwaamuru wajumbe wanne wa Shirika la Afya Duniani waondoke nchini kabla ya tarehe 15. Miongoni mwao alikuwemo mwakilishi wa shirika hilo, Dkt. Walter Kazadi Mulombo. Barua haikueleza sababu. Siku chache baadaye, tarehe 20 Mei, watu walipiga kura.

Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza alifariki ghafla. Serikali ilisema moyo wake ulisimama. Watu wengi walisema mengine, na hadi leo wanayasema. Sisi hatuna cheti cha daktari mkononi, kwa hiyo hatutaongeza neno. Tunaona tu kwamba pale habari za ugonjwa zinapofungwa, hata habari ya msiba hupokelewa kwa mashaka.

Rais mpya, Évariste Ndayishimiye, aliapishwa tarehe 18 Juni. Huyu ndiye aliyewaambia watu wakati wa kampeni kwamba wasiogope, kwa maana Mungu anaipenda Burundi. Tarehe 30 Juni mdomo uleule ulitangaza kwamba korona ndiye adui mkubwa kuliko wote wa Warundi. Bei ya sabuni ya buluu ilipunguzwa nusu ili mtu maskini aweze kunawa. Tarehe 6 Julai kampeni ya kupima watu bure ilianza Bujumbura, ikiitwa kwa Kirundi "Ndakira, sinandura kandi sinanduza", yaani ninapona, siambukizwi wala siambukizi. Watu wengi walijitokeza kupimwa.

Ndugu zetu, tuliangalie jambo hili kwa makini. Kati ya Mei na Julai hapakupatikana dawa mpya, na virusi vilikuwa vilevile. Wauguzi wa Mei ndio wauguzi wa Julai. Kilichobadilika ni ruhusa ya kusema.

Haikuwa Burundi peke yake. Katika Tanzania, nchi iliyowapokea Warundi wengi tangu mwaka 1972, takwimu za korona zilikoma kutangazwa tarehe 29 Aprili 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za mbuzi na papai zimeonyesha ugonjwa, hivyo vipimo havifai. Yeye alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya watu wote.

Kwetu imani iliyopotea haikurudi upesi. Mwezi Februari 2021 waziri wa afya, Dkt. Thaddée Ndikumana, alisema chanjo si ya lazima bado, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wanapona. Chanjo ilianza kutolewa Oktoba 2021, baada ya China kuleta dozi 500,000, na Burundi ikawa miongoni mwa nchi za mwisho duniani kuanza. Waliokwenda kuchanjwa walikuwa wachache mno. Hatuwashangai. Mtu aliyeambiwa kwa muda mrefu kwamba hana haja ya kitu hatakipangia foleni siku ya pili.

Kutokana na historia hii tunaomba mambo matatu hapa kambini. Kwanza, mhamasishaji wa afya akiona kuhara au homa isiyo ya kawaida katika kijiji chake, atoe taarifa siku hiyohiyo, wala mwenyekiti yeyote asimwambie angoje mpaka wageni wapite au uchaguzi wa viongozi wa vijiji umalizike. Pili, mashirika yatuambie idadi ya wagonjwa hata ikiwa inatisha. Tumekwisha kuona makubwa zaidi. Tatu, amri ya afya iwe moja kwa wote. Ikiwa mkusanyiko umekatazwa msikitini na kanisani, ukatazwe pia kwenye mkutano wa kamati, na sisi tunaoandika tuwe wa kwanza kuutii.

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwaka 2020 aliyeficha alikuwa mmoja, na kilio kikaenda kwa jirani yake. Tunawakumbuka waliotutoka Kinama na hapa kambini katika miaka ile, pamoja na wale ambao familia zao hazikuambiwa kamwe walikufa kwa ugonjwa gani. Mungu awalaze mahali pema.

Wenu katika kazi ya jumuiya,
Wenyeji wa Kinama