Mlango wa Shule ya Nasari: Nani Aliujenga, na Nani Ana Haki ya Kuupita



Kila mwaka kijitabu hiki hueleza hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii yafaa tutazame nyuma kidogo, tuone hesabu nyingine ambayo wengi wetu tuliilipa bila kuiandika: gharama ya kuwalea na kuwafundisha watoto wadogo kabla hawajafika umri wa kuingia darasa la kwanza. Ukimwuliza mzee mmoja wetu, "Ni mtoto gani mwenye haki ya kuingia shule ya nasari?" huenda akajibu, "Mtoto aliyelipiwa ada." Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa miaka mingi. Leo si jibu la sheria, na ni vizuri kila mwanachama ajue sababu yake.

Wakati wa utawala wa Waingereza, shule za watoto wadogo zilizokuwa mijini zilikuwa hasa za watoto wa Kizungu na wa Kihindi, kila taifa mahali pake. Mtoto wa Kiafrika aliyepata mahali pa kukaa mchana alikuwa mara nyingi mtoto wa kibarua katika mashamba makubwa ya chai, kahawa au miwa, naye aliangaliwa ili mama yake apate kufanya kazi. Halafu ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Katika miaka ya 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu walitolewa makwao na kukusanywa vijijini. Akina mama walipopelekwa kwenye kazi za lazima, watoto walibaki bila mlezi, na hapo vikafunguliwa vituo vya kuwalinda na kuwapa chakula. Sifa ya kuingia katika vituo hivyo haikuwa elimu, bali ilikuwa njaa na kukosa wa kumwangalia.

Nchi ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wananchi waliitikia mwito wa Harambee. Sifa za shule za sekondari za Harambee zimeimbwa mara nyingi, lakini shule za nasari zilienea kote bila kelele. Akina mama walichota maji na kukandika udongo, wanaume wakapandisha mabati, na palipokosekana jengo, kanisa au kivuli cha mwembe kilitosha. Kamati ya wazazi ndiyo iliyomchagua mwalimu, mara nyingi msichana wa papo hapo aliyemaliza shule ya msingi, na mshahara wake ulitoka katika ada. Wazazi wasipolipa, mwalimu hakula. Hapo ndipo ilipoanza desturi ya kumrudisha nyumbani mtoto ambaye hakulipiwa. Kamati haikuwa na ukatili, ila haikuwa na mfuko mwingine.

Serikali haikukaa kimya, walakini msaada wake ulikuwa wa namna moja. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya watoto wadogo kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na kazi hiyo ikaendelea mpaka 1982. Mwaka wa 1980 shule hizo zilitiwa chini ya Wizara ya Elimu ya Msingi, na mwaka wa 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, ambacho baadaye kilikuwa na matawi katika wilaya. Kwa njia hiyo walimu wengi walipata mafunzo, na watoto wakapata hadithi, nyimbo na michezo ya lugha zao. Lakini mambo mawili yapambanuliwe: Serikali ilimfundisha mwalimu, haikumlipa. Isipokuwa katika baadhi ya miji ambako halmashauri ziliajiri walimu, mzigo wa mshahara ulibaki mabegani mwa wazazi.

Mwezi wa Januari 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Walakini mlango wa nasari ulibaki na bei yake. Basi mzazi maskini alifanya hesabu iliyo wazi: kwa nini alipe kwa mtoto wa miaka mitano, na hali wa miaka sita husomeshwa bure? Mahali pengi watoto walikaa nyumbani wakingoja darasa la kwanza, au walipelekwa huko moja kwa moja kabla ya kuwa tayari, na baadhi ya nasari zikapungukiwa watoto hata zikashindwa kumlipa mwalimu. Funzo lake ni kwamba sifa iliyoandikwa ilikuwa umri, lakini sifa iliyofanya kazi ilikuwa fedha.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadili msingi wa jambo hili. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Jedwali la Nne linakabidhi elimu ya kabla ya shule ya msingi kwa serikali za kaunti. Kaunti zote 47 zilianza kazi mwaka wa 2013. Uendeshaji wake ni huu: kaunti hujenga madarasa, huajiri walimu na kuwalipa, Serikali ya Taifa huweka mtaala na sera, nayo Tume ya Kuajiri Walimu huandikisha mwalimu kabla hajaruhusiwa kufundisha. Chini ya mtaala wa sasa mtoto husoma miaka miwili ya awali, kwa kawaida akiwa na miaka minne na mitano, kisha huingia Gredi ya Kwanza.

Ni nani basi anayestahili? Ni kila mtoto aliyefikia umri huo, awe wa tajiri au wa maskini, mzima au mlemavu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani waruhusiwa kwa ajili ya kujua ngazi inayomfaa tu. Tena inakataza kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuidhinishwa, lakini sheria yasema wazi kwamba mtoto hatakataliwa shuleni kwa sababu hayakulipwa. Maneno haya machache yanafuta ile desturi ya zamani ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Sheria, hata hivyo, haitembei kwa miguu yake. Kaunti hazilingani: pengine madarasa ni ya mawe na watoto hupata uji, pengine mwalimu hulipwa kidogo na mchango wa wazazi hurudi kwa jina jingine. Nasi wazee tusidhani kwamba, kwa kuwa kaunti inalipa, kazi ya kamati imekwisha. Zamani tuliombwa mawe na mabati. Sasa tunaombwa kuhudhuria mikutano ya makadirio ya fedha za kaunti, ambayo sheria inataka wananchi washirikishwe, tuulize mwalimu wa nasari yetu ametengewa nini. Na kila mmoja wetu atazame katika boma lake na la jirani: yuko mtoto wa miaka minne anayeshinda nyumbani kwa sababu ya mchango?

Akiwapo, mzee na amshike mkono, ampeleke hadi mlangoni. Mlango huo tuliujenga sisi, na sasa sheria imeufungua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.